Yupo, Ametoka Kidogo

Muuguzi anayekuja zamu ya usiku kufanya kazi hubeba kalamu mbili, saa yenye mshale wa sekunde na wali wake kwenye kontena. Mwenzangu yeye anakuja na begi la magurudumu. Mlinzi wa getini, mgeni kazini, alishawahi kumwelekeza dirisha la wagonjwa wanaokuja kulazwa, na wala hakukosea sana. Ndani ya begi lile mna shuka la Kimasai, mto wa shingoni wa kusafiria, ndala, chaja na soksi nzito, maana mwenzangu hapatani na baridi ya alfajiri. Mimi baridi ya alfajiri naisikia kwa watu. Saa hizo huwa nimelowa jasho mpaka mgongoni.

Jina sitamtaja. Maadili ya kazi yananibana, halafu hata akisoma hapa hatajitambua. Moyoni mwake yeye ni mchapakazi, na mimi ndiye mwenye tatizo la kutotulia. Ameshaniambia, tena kwa huruma: "Dada yangu, utakuja kufa na presha. Kazi ya serikali haiishi." Wakati anasema hayo alikuwa amekaa. Mimi nilikuwa nimeshika bedpani mbili, zote zimejaa.

Ubaya wake ni kwamba ana adabu. Angekuwa mjeuri tungeshagombana zamani, tukapatanishwa, yakaisha. Lakini huyu akikutana nawe mlangoni anakupokea mkoba, anainama kidogo: "Shikamoo dada." Sasa wewe mtu mzima ukishaitikia marahaba, utaanzia wapi kumfokea? Anatoweka saa nne usiku kwa heshima zote. Anarudi saa tisa na mistari ya mto shavuni, anakupa shikamoo nyingine, eti hatujaonana muda. Anauliza watoto hawajambo. Anamkumbuka hadi yule wa mwisho aliyeugua surua. Unabaki mdomo wazi, maneno uliyoyapanga tangu saa sita yamekukwama kooni, unajisikia unamjibu: "Hawajambo, mdogo wangu, asante kwa kuuliza."

Wodi yetu ni ya wanaume, hospitali ni ya wilaya, na msimu ni wa masika. Anayejua mambo hayo matatu yakikutana huwaje, anielewe. Vitanda ni 24. Usiku ninaousimulia, wagonjwa walikuwa 37, wamelazwa mzungu wa nne, miguu ya mwenye malaria ipo sikioni mwa mwenye kisukari. Waliokosa hata nusu ya kitanda wako chini kwenye magodoro, katikati ya kitanda na kitanda, kwa hiyo ukipita na toroli ya dawa unaomba radhi njia nzima. Na wanaume wakiugua nao, jamani! Mwanamke yuko kwenye uchungu huku anauliza watoto nyumbani wamekula nini. Mwanamume ukimwonyesha sindano ya paja anamwita mama yake, na mama mwenyewe ni marehemu.

Kwenye ratiba tulikuwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Mhudumu ni mama mtu mzima. Ndiye anayekwenda maabara na sampuli, ndiye anayesukuma machela, ndiye anayedeki. Kwa hesabu ya ratiba tulikuwa watatu. Kwa hesabu ya miguu inayotembea, mimi na huyo mama.

Lakini ungemwona mwenzangu wakati wa kukabidhiwa zamu ungempa cheo. Tunapita kitanda kwa kitanda na wenzetu wa jioni, na yeye yuko mbele, stethoskopu shingoni, mikono nyuma, anatikisa kichwa taratibu. Anauliza maswali ya maana kabisa. "Huyu mkojo wake wa leo umepimwa?" "Na huyu sukari ya mwisho ilisoma ngapi?" Wenzetu wanaondoka wameridhika kwamba wodi imepata wenyewe. Wakishatoka, anaangaza wodi nzima toka pembe hii hadi ile, anavuta pumzi, na kutamka maneno ambayo muuguzi mwenye akili zake hathubutu kuyatamka kazini: "Leo naona kumetulia."

Simu ya mapokezi ikalia palepale. Wanaleta wawili wa bodaboda, mmoja kavunjika mguu, na PF3 yake imelowa mvua mpaka wino umetoka. Nyuma yao anakuja baba mmoja wa kiharusi, mwili mkubwa, upande wa kulia haufanyi kazi. Nikageuka nimwambie mwenzangu twende tukatandike. Nikakuta nafasi aliyokuwa amesimama ipo, yeye hayupo. Mhudumu alimsikia akisema anakuja.

Saa nne usiku ilinikuta na sindano za malaria kali. Artesunate ina saa zake: ukipewa ya kwanza saa nne asubuhi, ya pili ni saa nne usiku, ya tatu ni kesho yake saa nne asubuhi, na dawa haijali kama muuguzi yupo mmoja. Kwa asiyeijua, ni unga ndani ya kichupa cha miligramu 60. Mtu mzima unachukua kilo zake, unazidisha kwa 2.4, unapata miligramu anazotakiwa kuchomwa. Wa kwanza alikuwa na kilo 50, kwa hiyo miligramu 120, vichupa viwili. Wa pili alikuwa na kilo 62 kwa mujibu wa mizani na kilo 80 kwa mujibu wa mwenyewe. Tulibishana, mizani ikashinda: vichupa vitatu. Kila kichupa unakitia bikaboneti yake, unatikisa mpaka kiangae, unaongeza maji ya chumvi, unavuta kwenye bomba, unasukuma kwenye mshipa polepole huku mgonjwa akikutazama usoni kujua kama atapona. Na usidhani utatengeneza zote mapema ukapumzike. Ikishachanganywa, itumike ndani ya saa moja.

Niko kwenye chumba cha dawa, natikisa kichupa cha tano, mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha pua. Mwenzangu.

"Dada, usisahau kutikisa vizuri."

Akafunga mlango.

Nilipotoka nikakuta kijana wa kitanda cha tisa amefungulia dripu yake mpaka mwisho. Nilikuwa nimemwekea nusu lita iende kwa saa nne, matone 42 kwa dakika, nimeyahesabu kwa saa yangu nikiwa nimesimama pale. Yeye anaamini dripu ikiisha ndiyo ruhusa yenyewe, na kesho yake kulikuwa na mechi ya Simba na Yanga. Nikaanza kuhesabu upya. Kuhesabu matone kunataka utulivu, na utulivu utautoa wapi wakati kitanda cha tatu wanaita nesi, cha kumi na moja wanaita sista, na mzee wa dirishani anaita "we mtoto"? Nikafika tone la thelathini, nikasahau. Nikaanza tena. Kijana akaniuliza kama huwa nina matatizo ya hesabu.

Baba wa kiharusi anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya mgongoni. Ni mtu mwenye kilo zake, na kumgeuza kunataka watu wawili wenye nia moja. Bahati nzuri nikamnasa mwenzangu koridoni, anatoka kujaza maji ya moto kwenye chupa yake. Nikamwambia njoo tumgeuze baba wa watu. Akashika kiuno. "Dada, ningekuja, lakini huu mgongo wangu unaujua." Naujua vizuri sana. Mwezi uliopita niliuona kwenye sendofu ya mwenzetu wa wodi ya watoto, unacheza kwaito mstari wa mbele, unashuka chini mpaka magoti yanagusa zulia, unapanda, unageuka kushoto. Mgongo ule unauma ukisikia harufu ya Dettol tu. Tukamgeuza mimi na mhudumu, na mgonjwa mwenyewe akatusaidia kwa mkono wake mmoja mzima.

Usiku wa manane umeme ukakatika. Konsentreta ya oksijeni ikanyamaza, nami nikakimbilia mtungi wa akiba, nikawa nahangaika na spana gizani. Kabla sijaufungua nikasikia ndala zinakuja mbio. Nikasema moyoni, jamani, nimemsengenya bure mtoto wa watu. Kumbe pale kaunta soketi zinazofanya kazi ni mbili, moja ya konsentreta na nyingine ya simu yake, na simu ilikuwa haijajaa.

"Dada, jenereta hawawashi?"

Likawashwa. Akatazama kioo cha simu, akaridhika, ndala zikarudi zilikotoka, sasa bila haraka.

Basi ikaja damu. Kulikuwa na mzee mmoja ameishiwa damu hadi viganja vimekuwa vyeupe, daktari wa zamu ameagiza aongezewe, na mhudumu amerudi na chupa kutoka maabara. Damu ikishatoka kwenye friji saa inaanza kuhesabu: uitundike ndani ya nusu saa, na ikianza kwenda isizidi saa nne. Lakini kabla ya kuitundika lazima watu wawili waihakiki hapo kitandani, jina la mgonjwa, namba ya faili, kundi la damu, namba ya chupa, tarehe ya mwisho. Wawili. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza usiku ule nilimhitaji mwenzangu kisheria.

Nikamtafuta chumba cha chai. Nikamtafuta stoo ya mashuka. Nikamtafuta chumba cha kufungia vidonda, ambako huwa anaunganisha mabenchi mawili. Mhudumu akanionea huruma, akanyooshea kidole chumba cha kutenga wagonjwa. Chumba kile kina kitanda kimoja, kimepigwa dawa, kimetandikwa, kinasubiri mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Mgonjwa hajapatikana, mwenzangu akaona ajitenge mwenyewe. Wodini kwangu watu wamelala mzungu wa nne na wengine wako chini, na yeye yuko peke yake kwenye kitanda cha 25, chandarua kimeshushwa, kimechomekwa vizuri pande zote nne.

Nikamwamsha. Hakushtuka, watu wenye dhamiri safi hawashtuki. Akaja, akasimama upande wa pili wa kitanda cha mzee, akafumba macho. "Soma wewe dada, mimi nasikiliza." Nikamwambia hapana, leo utasoma wewe. Akasoma chupa kwa tochi ya simu, nami nikaangalia faili na kumwomba mzee ataje jina lake. Mzee akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, na kijiji walichohamishiwa wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974. Mwenzangu akasinzia kwenye jina la babu. Nikamgusa, akamalizia tarehe ya mwisho, akatia sahihi yake ndefu yenye mikunjo.

Damu ikianza kwenda unatakiwa ukae na mgonjwa dakika 15 za mwanzo, unamwangalia pumzi, joto, mapigo, kama anawashwa au anatetemeka, kwa sababu damu ikimkataa dalili huwahi kujionyesha hapo. Nikavuta stuli, nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza makalio yangu kugusa kitu tangu saa mbili usiku. Nimeshika mkono wa mzee, naangalia saa, na mwenzangu amebaki amesimama pembeni ya toroli kwa sababu usingizi ulikuwa umemkatika na hakujua pa kwenda. Akachukua faili la mtu, akalifungua, akawa analitazama.

Msimamizi wa usiku akaingia wakati huohuo. Huyu huzunguka wodi zote mara moja kwa usiku, na saa yake haijulikani. Akatukuta hivyo: mimi kwenye stuli, mwenzangu wima, stethoskopu shingoni, faili mkononi, uso umekunjamana kwa mawazo. Nadhani alikuwa anakumbuka ndoto.

"Hongera kijana, naona wodi unaimudu," msimamizi akasema. Kisha akanigeukia mimi, kwa upole, sauti ya chini ili wagonjwa wasisikie. "Na wewe mama, tujitahidi kuinuka inuka."

Ningejibu, lakini nilikuwa nahesabu pumzi za mzee. Ilikuwa imebaki dakika nane.

Wagonjwa nao wanachangia. Mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii na hadi leo ni "we nesi". Mwenzangu kwa kuwa ni mwanamume na ana ile stethoskopu, ni "dokta". Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni muuguzi mwenzangu, na yeye hajaona sababu ya kuwasumbua wagonjwa kwa masahihisho. Daktari mwenyewe wa zamu ile alikuwa binti mdogo aliyepita mara tatu na miguu imevimba, akaandika dawa, akashona vidonda, akapokea simu za wodi nne. Yeye aliitwa sista, akaombwa afungue dirisha. Asubuhi ndugu wa yule mzee wa damu walipoambiwa ameamka na amekunywa uji, walishukuru mpaka machozi yakawatoka, wakaleta hotpoti ya chapati na maharage ya nazi. Wakamkabidhi dokta. Kwa haki kabisa niseme alinikatia nusu chapati.

Na usimwone hivyo, sherehe anazijua. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi tunavaa sare zilizopigwa pasi, tunawasha mishumaa, tunarudia kiapo. Picha zote za miaka hii za hospitali yetu ukizitazama, mshumaa wa mbele kabisa ni wa mwenzangu, mwanga umempiga usoni, macho yamejaa wito. Nightingale kule Scutari, wakati wa vita vya Crimea, alizunguka usiku na taa mkononi kutazama majeruhi. Mwenzangu naye anazunguka usiku na tochi ya simu. Anatafuta ndala nyingine imeingia wapi.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya uuguzi ikasema duniani kuna wauguzi karibu milioni 28 na pengo lililopo ni la milioni 5.9. Sina sababu ya kubishana na Geneva. Naomba kuuliza kitu kimoja tu, kama mwenzangu walimhesabu upande wa waliopo.

Kwenye semina moja, ile ya siku mbili yenye soda na vitafunwa, mwezeshaji alitueleza habari za Mfaransa mmoja, Ringelmann, ambaye majaribio yake yalichapishwa mwaka 1913. Aliwapa watu kamba wavute, akapima nguvu zao. Akagundua kwamba wanavyoongezeka wavutaji, ndivyo kila mmoja anavyovuta kidogo, hadi wakifika watu 8 kila mmoja anavuta kiasi cha nusu tu ya uwezo wake. Mwezeshaji akaonyesha jedwali ukutani. Nikatazama mstari wa watu wawili: kila mmoja bado anavuta asilimia 93. Nikanyoosha mkono nikauliza kama watu wale wawili walipimwa usiku. Semina nzima ikacheka, na aliyecheka kwa sauti zaidi alikuwa mwenzangu, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma karibu na vitafunwa. Akaandika na kwenye daftari.

Watu husema mtegeaji ni mtu asiyejua kazi. Wangu anajua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kuna usiku tulikuwa na mgonjwa ameishiwa maji kabisa, mishipa imejificha, tumemchoma mikono yote miwili hatupati kitu, mimi nimejaribu, daktari amejaribu. Mwenzangu akatokea na shuka lake begani. Akafunga mpira, akapapasa kifundo cha mguu kwa kidole kimoja huku anatazama dari, akachoma, damu ikarudi kwenye kanula. Akabandika plasta, akamwambia mgonjwa pole baba, akarudi kulala. Kazi ya sekunde chache, safi, hata tone halikudondoka kwenye shuka. Nikatamani kumpiga.

Kwa hiyo anategea kwa vipimo. Analala fofofo kwa sababu anajua nani yuko macho. Ameshanisoma: siwezi kupita kitanda ambacho dripu imeisha nikasema hiyo si yangu. Kuna siku niliamua nami nikae tu, nione nani atasimama kwanza. Nikakaa. Mgonjwa wa kitanda cha tatu akakohoa vibaya, nikajikuta nimefika kwake na kikombe cha maji mkononi, sijui hata nilivyosimama. Mwenzangu akageukia upande wa pili. Mtu huyu ungempanga na mtegeaji mwenzake, wote wawili wangekesha macho makavu hadi asubuhi, kila mmoja anamwogopa mwenziwe asije akalala kwanza.

Saa kumi na moja alfajiri anaamka bila kuamshwa. Anaoga. Nasema anaoga, kwenye bafu la wagonjwa, maji ya moto kutoka ile chupa yake, halafu anajipulizia marashi. Saa kumi na mbili na nusu yuko kaunta, shati jeupe halina hata kunjo, anaomba kitabu cha ripoti. "Dada, niachie niandike, wewe umechoka." Mwandiko wake unavutia, sitamdhulumu. Mimi wakati huo nina doa la aidini kifuani, doa jingine sijui la nini kwenye mkono, na nywele zimetoka kwenye kofia.

Wakija wenzetu wa asubuhi, anayetoa ripoti ni yeye. Malaria kali wamepata dozi zao kwa wakati. Mgonjwa wa kiharusi amegeuzwa kila baada ya saa mbili, ngozi ni nzima. Damu imekwenda salama. Umeme ulikatika, hatua zikachukuliwa. Anasema kwa ufasaha, anasogea kitanda kwa kitanda, mikono nyuma. Kinywani mwake kila nilichokifanya ni chetu, na kile kimoja kilichoharibika, dripu ya yule kijana wa mechi, kinarudi kuwa changu: "Hapo dada alipitiwa kidogo, lakini tulirekebisha."

Nilikuja kuona alivyojaza PEPMIS yake, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliokuja badala ya OPRAS. Mimi yangu ina wiki sijaigusa, maana kuijaza kunataka ukae. Yake imejaa hadi pembeni. "Kusimamia utoaji wa dawa za sindano." Ule mlango uliofunguliwa kiasi cha pua, asilimia 100. "Kufuatilia upatikanaji wa nishati mbadala wodini." Ndiyo, jenereta.

Asubuhi ile nikaamua liwalo na liwe, nikamfuata metroni ofisini. Koridoni nilikuwa nimejipanga vizuri, naanza na damu, nakuja kitanda cha 25, namalizia na stuli. Nikafungua mlango nikajikuta nimeshatoa shikamoo.

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja kwa ajili ya yule kijana."

Nikashangaa. Akavua miwani.

"Unadhani sijui? Nikimpanga na fulani, analetwa hapa analia. Nikimpanga na yule wa wodi namba mbili, ananiletea barua, nakala kwa mganga mkuu. Wa watoto wamekataa kabisa, wamesaini wote. Wewe ndiye umebaki ambaye hujawahi kuniletea barua."

"Kwa hiyo nikileta barua utamwondoa?"

"Ilete kwanza."

Nikamwomba karatasi niandike palepale, kabla hasira hazijapoa na kabla sijakutana naye tena akaniuliza watoto. Metroni akavuta droo, akatazama ndani, akairudisha. Karatasi zimekwisha, akasema, na mgao wa robo hii bado haujaingia. Kama nina haraka nikanunue dukani kwa Mangi pale nje ya geti, na nikirudi nimchukulie na yeye rimu moja, maana leo anataka kuchapa ratiba ya mwezi ujao. Ya wodi yangu nisiwe na wasiwasi nayo, hapo hajabadilisha kitu.